Maarifa ya Fundi wa Pikipiki Katika Nchi ya Kishapu

Mtu akiulizwa utamaduni wa Wasukuma ni nini, aghalabu atataja ngoma. Atawataja Bagika na Bagalu wanavyoshindana uwanjani baada ya mavuno, ataitaja Bugobogobo na majembe yake, na akiwa ni mtu aliyesoma ataongeza habari za watemi na za wacheza nyoka. Hayo yote ni kweli, nasi hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyotumia akili zao kupambana na shida za kila siku; na katika nchi ya Kishapu, kwa muda uliozidi nusu karne sasa, mojawapo ya shida hizo imekuwa hii: pikipiki kuukuu imezimika katikati ya mbuga, jua linakuchwa, na juu yake yumo mgonjwa, au zimo dawa za zahanati, au fedha za wakulima wa pamba.

Makala hii yahusu watu waliojifunza kuisikiliza injini hiyo, kuiuliza maswali kwa utaratibu, na kuiamsha. Twadai kwamba walichokuwa nacho watu hao ni elimu kamili, yenye mantiki yake, lugha yake na mitihani yake. Kwamba elimu hiyo ilikomazwa na miaka fulani ya dhiki. Na kwamba leo inapotea polepole, wala si kwa sababu vijana wamekuwa wajinga, bali kwa sababu vipuri vimekuwa rahisi kupatikana.

Wilaya ya Kishapu ilitengwa na Shinyanga Vijijini mwaka 2002, na makao makuu yake yakawa Mhunze. Ni nchi tambarare, yenye miti michache na mvua za kubahatisha, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Barabara kuu ya lami itokayo Shinyanga kwenda Mwanza hupita Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Ukiiacha barabara hiyo ukashika njia ya Ukenyenge, Mwamashele au Ndoleleji, waingia katika ardhi ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wenyeji huuita mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka, na juu yake vumbi huwa laini kama unga wa sembe. Masika hunata hata mwenye baiskeli huishusha na kuibeba yeye. Gari huzama humo likakaa siku mbili. Ng'ombe hupita, punda hupita, na pikipiki hupita mradi mpandaji awe na moyo. Ndiyo maana historia ya chombo hiki katika sehemu hizi si historia ya anasa.

Kabla ya kuifikia pikipiki yafaa tukumbuke kwamba ufundi wa chuma haukuletwa huku na wageni. Upande wa magharibi, katika nchi ya Geita na Uzinza, waliishi Warongo, mabingwa wa kuyeyusha chuma. Majembe yao yalivuka mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakatumika shambani na yakatolewa mahari. Mrongo alijua ni jiwe lipi lina chuma, ni mti gani hutoa makaa yenye moto mkali, na ni wakati gani wa kuacha kuvukuta. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoenea, mwanzoni mwa karne ya 20, tanuri zilizimwa. Na kwa kuwa elimu yenyewe ilikuwa mikononi na masikioni, wala si vitabuni, ilizikwa pamoja na wenyewe. Kwa jirani zao Wahaya, wataalamu walipotaka kuijua elimu kama hiyo katika miaka ya 1970, iliwabidi kuwaomba wazee waijenge upya tanuri ambayo hawakuiwasha kwa miongo mingi. Wazee wale wakafanikiwa, na dunia ikastaajabu kusikia kwamba mababu zao walikuwa wakipata chuma cha pua karibu miaka 2000 iliyopita. Kama wangengojewa miaka ishirini zaidi, pengine asingepatikana wa kuulizwa. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana tutalihitaji mbele.

Pikipiki yenyewe ilizaliwa Ujerumani mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walipofunga injini ndogo ya petroli katika fremu ya miti. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Uingereza yalikuja nayo Afrika Mashariki, na kikosi kizima cha wapanda pikipiki kilitoka Afrika Kusini mwaka 1916. Baada ya vita ikawa ni chombo cha maofisa wa kikoloni, cha wamisheni na cha wafanyabiashara wa pamba. Watu waliosikia mlio wake waliipa jina kwa mlio huo: wengi wakaiita pikipiki, na sehemu nyingine wakaiita tukutuku. Hakuna aliyengojea kamati impe jina.

Ni nani basi aliyejifunza kuitengeneza? Wakati wa ukoloni Mwafrika hakupelekwa shule kwa ajili ya kazi hiyo isipokuwa kwa nadra sana. Alijifunza kwa kushika taa. Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928, ikaleta mashine na watu wa mashine. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, na mgodi wake ukawa na karakana kubwa. Vinu vya kuchambulia pamba navyo vilikuwa na injini zisizoruhusiwa kulala msimu wa ununuzi. Katika mahali kote huko walikuwapo vijana wa Kiafrika waliotumwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kupokeza spana na kupiga kiki. Bwana fundi aliposema jambo kwa Kiingereza au kwa Kihindi, kijana aliona mkono wake ulikoelekea, akakamata maana kabla ya neno. Wengine walirudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945, ambako walikuwa wameendesha na kutengeneza magari ya jeshi mpaka Burma. Mtu wa namna hiyo alipoacha kazi au kustaafu, alirudi kijijini na sanduku la mbao lenye spana kumi na mbili, akatafuta mkwaju wenye kivuli kizuri, na hapo gereji ikaanzishwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, kazi ya mafundi hao iliongezeka. Serikali ilitaka mtaalamu amfikie mkulima alipo. Bwana shamba, bwana mifugo, mganga wa zahanati, mratibu wa elimu: hao wote walitakiwa kuvizungukia vijiji, na wengi wao walizunguka kwa pikipiki. Zamani zilikuwa BSA na Triumph za Uingereza, nzito, zenye kuhitaji mguu wa mtu mzima kuziamsha. Kisha zikaja Honda, Suzuki na Yamaha za Japani, nyepesi na zenye sauti kali. Baadhi ya hizo zilikuwa za mizunguko miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Nyingine za mizunguko minne, ambazo oili hukaa chini ya injini peke yake. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyeitia Suzuki ya mizunguko miwili petroli tupu, kwa haraka au kwa kutojua, hakufika mbali: pistoni ilikauka, ikapanuka kwa joto, ikakamata silinda, na gurudumu la nyuma likagoma ghafla.

Lakini katika nchi ya Kishapu maadui wakubwa wa injini walikuwa wawili, vumbi na tope, na kila mmoja alikuwa na msimu wake. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa. Injini ikikosa hewa hunywa petroli kupita kiasi, hutoa moshi mweusi na kuwa nzito. Mpandaji asiyejua hulitoa chujio akalitupa, akafurahi kwa kuwa pikipiki imepata nguvu. Kumbe amefungua mlango. Vumbi likiingia ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa. Ringi huisha, kuta za silinda huisha, na katika miezi michache oili huanza kupanda juu na kuungua. Masika nayo ina hila yake. Tope la mbuga hujaza mapengo ya mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda, likakauka hapo kama udongo wa tofali. Mapezi hayo ndiyo yanayoipoza injini kwa upepo. Yakifunikwa, injini hupata homa hata kama hali ya hewa ni ya baridi. Mafundi wa zamani hawakukubali kuigusa pikipiki yenye tope. Walimwambia mwenyewe akaioshe kwanza, na wakati mwingine kuosha kulikuwa ndiyo matengenezo yenyewe.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo, yaani namna fundi alivyoutafuta ugonjwa. Hapa tunaomba subira ya msomaji, hasa mwalimu wa fizikia, kwa maana hatujaona mahali pengine ambapo somo la kidato cha pili limetumika kwa uaminifu namna hii.

Injini ya petroli haihitaji mambo mengi. Yahitaji mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kiasi kinachofaa. Yahitaji mchanganyiko huo ubanwe na pistoni ndani ya silinda isiyovuja. Na yahitaji cheche ya umeme itokee wakati pistoni ikikaribia kilele chake. Ikiwa injini haiwaki, basi mojawapo ya hayo matatu limekosekana. Fundi mzuri hakuanza kwa spana. Alianza kwa mdomo. Fundi mmoja wa Mhunze, ambaye tulikaa chini ya kibanda chake mara nyingi tulipokuwa tukifanya kazi wilayani humo, alikuwa na kawaida ya kumkalisha mteja kwenye gogo kwanza.

“Mwalimu, ilizimika ghafla kama taa iliyopulizwa, au ilikohoa kwanza?”

“Ilikohoa, mzee. Ikavuta kidogo, ikakohoa tena, ikafa.”

“Ukaikalisha kidogo ikawaka?”

“Ikawaka. Nikaenda kama maili moja, ikarudia yale yale.”

Mzee alinyanyuka, akakifungua kifuniko cha tangi, akasogeza sikio. Kulisikika mvumo mdogo wa hewa ikiingia. Katika kifuniko cha tangi mna tundu dogo la kupitishia hewa. Vumbi likiliziba, petroli inaposhuka huacha nafasi tupu nyuma yake, na mwishowe hukataa kushuka. Pikipiki ikipumzika, hewa hupenya taratibu, nayo huwaka tena na kumdanganya mwenyewe kwamba imepona. Mzee alilizibua tundu kwa mwiba wa mgunga, akakataa kupokea fedha. Hatukuona akishika spana hata moja.

Katika maswali yale mna utaratibu. Injini inayokufa ghafla, bila dalili, humwelekeza fundi kwenye umeme. Inayokufa kwa kukohoa humwelekeza kwenye petroli. Inayopoteza nguvu wiki baada ya wiki, ikila oili na kutoa moshi wa rangi ya buluu, humwelekeza ndani ya silinda, ambako matengenezo yake ni ghali. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote fundi amekwisha kupunguza mashaka yake kutoka ishirini hadi matano, na ameyapanga kwa gharama: lililo rahisi kuangaliwa ndilo la kwanza.

Kisha huitoa plagi na kuisoma. Twasema kuisoma, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyosema wenyewe. Plagi iliyolowa petroli yaeleza kwamba petroli yafika lakini haiungui, basi tafuta cheche. Plagi kavu baada ya kiki kumi yaeleza kwamba petroli haifiki, basi fuata njia yake kutoka koki, mpira, hadi kabureta. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini hiyo yala vizuri. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au hewa haba. Weusi wenye mafuta ni oili iliyopanda. Weupe kama chokaa ni joto lililopita kiasi, na fundi akiuona hutikisa kichwa, maana petroli ni haba kuliko hewa na pistoni i karibu kutoboka.

Kuijaribu cheche, plagi iliyofungwa waya wake hulazwa juu ya chuma cha injini, na mtu mwingine hupiga kiki. Katika jua la Kishapu cheche haionekani vizuri, hivyo fundi hujifunika koti au kitenge kichwani kama mpiga picha wa zamani. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya manjano ni dhaifu, na ikikosekana kabisa fundi huenda kwenye pointi, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kuzalisha umeme. Hivyo huota kutu na kuungua. Husuguliwa kwa msasa laini, kisha hupimwa nafasi yake. Nafasi hiyo katika injini nyingi za wakati ule ni kati ya 0.3 na 0.4 ya milimita, na kiwandani hutolewa bamba maalumu la kuipimia. Mafundi wetu hawakuwa na bamba. Walikuwa na nyembe. Wembe mmoja wa kunyolea una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyembe nne zikibanwa pamoja ni kipimo tosha. Tulipokiona kitendo hicho kwa mara ya kwanza tulidhani ni masihara.

Jaribio la tatu ndilo zuri kuliko yote. Fundi hulikandamiza tundu la plagi kwa kidole gumba na kupiga kiki. Silinda nzima hukisukuma kidole kwa nguvu hata kikabanduka kwa mlio. Silinda iliyochoka hukipulizia tu. Ikiwa imechoka, swali linalofuata ni gumu: ni ringi, au ni vali? Kujua kwa kufungua ni kazi ya siku nzima, na gasketi iliyofunguliwa huenda isifungike tena. Hapo fundi huomba kijiko cha oili. Huimimina katika tundu la plagi, husubiri kidogo, kisha hurudia kidole na kiki. Oili huzunguka ukingo wa pistoni na kuziba kwa muda mapengo ya ringi. Nguvu ikirudi, ringi ndizo zilizokwisha. Nguvu isiporudi, hewa yapita juu, kwenye vali au kwenye gasketi ya kichwa. Kijiko kimoja cha oili, na sasa anajua afungue wapi. (Katika injini ya mizunguko miwili, ambayo haina vali za namna ile, swali hili halikuulizwa, huko fundi aliutazama kwanza mwisho wa ekzosi, maana masizi ya oili huliziba bomba, nalo huchomwa kwenye moto wa kuni mpaka likawa safi.)

Liko pia jambo la sikio. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, kama daktari na kifaa chake. Tapeti zilizolegea hugongagonga kwa wepesi kama cherehani. Pistoni iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi na hunyamaza ikipata moto. Mlio mzito wa chini, unaoongezeka mzigo unapoongezeka, ni wa beringi kubwa ya mhimili, na huo hakuna aliyeufurahia. Ndio ulioleta kitenzi kinachojulikana leo Tanzania nzima: injini imenoki. Kwa Waingereza waliolileta neno, kunoki ni kubisha tu mlangoni. Sisi tuliona kwamba injini ikishabisha namna ile yafuata kufa, tukaliruka katikati tukalifanya neno la kifo. Kwetu sisi tunaopenda lugha hilo ni jambo la kupendeza. Kadhalika injini hukohoa, hula oili, huchemka, hukata moto, plagi hufa, injini hushushwa kama mzigo kutoka kichwani. Mafundi walipokosa maneno ya kiwandani walichukua ya mwili wa binadamu, wakawa wakisema juu ya chuma kwa namna ambayo mama asiyejua kusoma aliwaelewa, naye akaweza kujibu: hapana, mwanangu, haikukohoa, ilinyamaza tu.

Sasa, elimu hii haikufikia ukali huo kwa kupenda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita vikaendelea hadi 1979, mwaka ule ule bei ya mafuta duniani ilipopanda tena. Fedha za kigeni zikaisha. Kuanzia hapo mpaka katikati ya miaka ya 1980, kupata ringi za pistoni katika wilaya za ndani kulikuwa kama kupata barua ya ahera. Bwana mifugo aliweza kuomba kipuri Januari na kuhamishwa kabla hakijafika. Mwaka 1983 ulipopita msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye vipuri vyake halali aliogopa kuonekana navyo vingi.

Katika hali hiyo kukosea kulikuwa na gharama isiyolipika. Fundi aliyefungua kichwa cha injini bila sababu aliipasua gasketi ambayo isingepatikana. Aliyechokonoa tundu la jeti kwa waya badala ya kulipuliza aliipanua njia ya petroli, na pikipiki ikala mafuta tangu siku hiyo hata mwisho wake. Kwa hiyo walijifunza kutafuta kwanza, na kugusa baadaye. Walipolazimika kugusa walibuni: gasketi ikakatwa kwenye boksi gumu na kupakwa grisi, tangi linalovuja likasuguliwa kipande cha sabuni ya mche, vali zikasagwa kwa mkono asubuhi nzima, chujio la hewa likashonwa kwa sponji ya godoro na kuloweshwa oili. Baadhi ya ubunifu huo ulikuwa wa kubahatisha na ulidumu wiki moja. Hatuupambi. Lakini chanjo za watoto zilifika Ndoleleji.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na madukani vikaanza kuonekana tena vitu. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya mwaka 2000, pikipiki za China na India zilipomiminika, nazo kanuni za mwaka 2010 zikatambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha kukodi. Inapendeza kujua kwamba nyingi za pikipiki hizo za China zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG 125, ambayo ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya Honda kuona kwamba injini zake ndogo zilikuwa zikifa mapema mahali ambapo oili haibadilishwi kwa wakati. Wahandisi waliuondoa mnyororo mrefu wa kuendeshea vali, wakaweka vijiti vya kusukuma ambavyo huvumilia uzembe. Hivyo vumbi letu na ukata wetu vilisaidia kuichora injini ile huko Japani.

Hatuna budi kusema ukweli juu ya wakati huu wa sasa. Leo mama mjamzito wa Mwamashele hupata usafiri saa nane ya usiku. Zamani angengoja alfajiri. Maelfu ya vijana wa Maganzo, Mhunze na kwenye machimbo ya Geita hula kwa pikipiki. Hakuna mwenye akili atakayeitamani miaka ya dhiki irudi ili mafundi wawe hodari. Walakini kipuri kilipokuwa rahisi, kutafuta ugonjwa kulianza kuonekana ni kupoteza muda. Kijana hubadili plagi. Isipowaka hubadili koili. Isipowaka hubadili kabureta nzima. Kila kipuri ni cha bei nafuu, na vingi ni vya bandia. Anayelipa ni dereva mwenye mkataba, ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri wake hata kama chombo kimelala. Tumemwona mmoja aliyetumia mapato ya wiki mbili kwa ugonjwa ambao mwisho wake ulikuwa ni tundu la kifuniko cha tangi. Mwiba wa mgunga ulikuwa mita kumi kutoka pale alipokaa.

Chombo chenyewe nacho kimebadilika. Pointi hazipo tena katika pikipiki nyingi. Mahali pake pana kiboksi cha plastiki kilichozibwa, kisichofunguka wala kusuguliwa, na njia ya kukijaribu ni kuazima kingine kilicho kizima. Katika hilo kijana anayebadili hana kosa. Lakini hewa, petroli na mgandamizo ni vile vile vya mwaka 1885, na kijiko cha oili bado chasema kweli. Vyuo vya ufundi stadi vyafundisha mengi ya haya, na vyafundisha vizuri. Wanaovifikia ni wachache kuliko wanaojifunza chini ya miti, na huko chini ya miti wazee wanapungua. Warongo nao hawakufa siku moja.

Mzee wa Mhunze alikuwa na namna yake ya kumpima mwanafunzi. Alfajiri, kabla kijana hajafika, aliichukua pikipiki nzima akaiharibu kwa siri, kila mara kwa njia nyingine: kipande cha karatasi ndani ya kofia ya plagi, koki iliyofungwa nusu, tambara katika njia ya hewa, waya uliokatwa ndani ya ganda lake ili usionekane. Kisha alikaa kwenye gogo lile la wateja. Kijana aliruhusiwa kuuliza maswali matatu, naye mzee alijibu kama mteja angejibu, yaani ukweli lakini si wote. Kijana aliyeshika spana kabla ya kuuliza alirudishwa kuosha vyuma kwa mwezi mmoja zaidi. Wa mwisho tuliyemwona akijaribiwa alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Aliuliza swali moja tu, akanusa mdomo wa ekzosi, akaenda moja kwa moja kwenye chujio akalitoa tambara. Mzee akamwambia aiwashe, aende nayo Maganzo kununua gasketi, na asichelewe.